Mdudu Asiyekuwa na Jina Halali

Pazi Lukindo hakuwa na miwani, ingawa alisoma gazeti kwa kulisogeza mbele na kulirudisha nyuma kama mtu anayepiga kinanda. Hakuwa na darubini, wala hamu ya kuwa nayo. Hakuwa na Kilatini hata cha kuombea maji. Hakuwa na cheti cha sayansi. Alichokuwa nacho ni cheti cha kuhudhuria semina, na hicho nacho kilikuwa na jina la mtu mwingine aliyeshindwa kufika. Hakuwa na subira ya kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu, jambo ambalo ndilo kazi yote ya mtaalamu wa wadudu. Hakuwa na adui, kwa sababu hakuwahi kufanya kazi yoyote ambayo mtu angeionea wivu. Hakuwa na aibu. Wala hakuwa amemjua mdudu yeyote kwa karibu isipokuwa kunguni, na hao walijuana zamani, kabla hajaoa.

Alichokuwa nacho ni mkwe.

Mkwe huyo alikuwa Mheshimiwa Mahuvi, Waziri wa Kilimo na Shukrani katika nchi ambayo sitaitaja. Wenyeji wake hawapendi itajwe, na wasiokuwa wenyeji wakisikia habari zake hudhani wanasemwa wao. Basi siku moja mgeni kutoka ng'ambo alimwuliza mkuu wa nchi hiyo, Mtukufu Mlezi wa Taifa, ana aina gani za wadudu nchini mwake. Mtukufu hakusita.

"Zote," alijibu.

Mgeni akaandika. Mtukufu alipomaliza kumsindikiza alimgeukia Mheshimiwa Mahuvi akamwambia ahakikishe jambo hilo linakuwa kweli. Kesho yake ikaundwa Idara ya Majina ya Wadudu, ikapewa ghorofa mbili, zulia na dereva. Nafasi ya Mkurugenzi Mkuu ilitangazwa gazetini kwa haki kabisa, katika gazeti ambalo siku hiyo halikuchapishwa, na aliyeomba akawa mmoja tu.

Tangu hapo Pazi Lukindo akawa ndiye mwenye mamlaka ya kusema huyu ni nani na yule ni nani miongoni mwa wote wenye miguu sita. Alijifunza mambo mawili akayashika vizuri. La kwanza, kwamba mdudu kitaalamu huwa na majina mawili, kama mtu na ukoo wake. La pili, kwamba baada ya majina hayo mawili huandikwa jina la mtu aliyemtaja mdudu huyo kwanza, nalo hubaki hapo hata mtu mwenyewe akiisha kuoza. Hili la pili lilimkosesha usingizi kwa furaha.

*

Wakati huo huo, katika Bonde la Mkalala, mwanamke mmoja aitwaye Bi Sikudhani aliamka akakuta mahindi yake yana sauti. Si upepo. Ilikuwa kama watu wengi wanatafuna kwa adabu, midomo imefungwa. Alifunua jani akaona viwavi weusi wenye mistari, wengine chini yake, wengine wakivuka njia kutoka shamba la jirani kwa safu iliyonyooka. Mahindi yale yalikuwa yamemfika magotini. Ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba yake mpaka mvua nyingine, na hakuwa na shamba la pili.

Alivaa kanga, akaenda mbio kwa bwana shamba, kijana mnene aitwaye Kasimba, ambaye alikuwa na ghala lililojaa dawa.

"Kasimba mwanangu, fungua ghala. Viwavijeshi wameingia."

Kasimba alirudi nyuma hatua moja, akatazama kushoto na kulia.

"Shangazi, taratibu. Umesema wadudu gani?"

"Viwavijeshi. Hujawahi kuwasikia? Ndiwe uliyesomea."

"Nimesomea, shangazi, na ndiyo maana naogopa. Una habari ya sheria mpya?"

Bi Sikudhani hakuwa nayo. Basi Kasimba akamweleza, na mimi namweleza msomaji. Katika nchi ile palikuwa na mama ntilie aliyepika sufuria kubwa ya maharage, akayanadi sokoni kwa sauti, "Maharage ya jeshi! Maharage ya jeshi!" maana yalikuwa mengi. Wanajeshi walikuja wakachukua sufuria, mwiko, na kigoda alichokalia. Mama yule alipolalamika, Bunge liliona kuna pengo katika sheria, likaliziba upesi kuliko linavyoziba mapengo mengine. Ikapitishwa kwamba kila kitu chenye neno jeshi katika jina lake ni mali ya Jeshi, na raia atakayekigusa, kukidhuru au kukizuia kisiende kinakokwenda, ameinua mkono dhidi ya dola.

"Kwa hiyo kiwavi nikimpiga kandambili..." alisema Bi Sikudhani.

"Uasi."

"Na dawa?"

"Dawa ni uasi wa kutumia silaha. Shangazi, nina watoto wawili. Nenda kambini. Wenyewe wakikubali, mimi nafungua hata sasa."

*

Mkuu wa kambi, Kanali Ngwembe, alikuwa mtu wa haki. Hakutaka kutoa uamuzi bila kukagua. Alipanda gari, akashuka shambani kwa Bi Sikudhani na fimbo yake kwapani, akawatazama viwavi kwa muda mrefu. Wanakijiji walisimama pembeni wakimtazama yeye.

"Wanakwenda kwa safu," alisema Kanali.

"Ndiyo, afande," alisema Bi Sikudhani.

"Hawaulizi shamba ni la nani."

"Hawaulizi, afande."

"Wakipita mahali, kinabaki nini?"

"Hakibaki kitu."

"Wanalipa?"

"Hawajalipa bado."

Kanali alivua kofia. "Hawa ni wetu," alisema.

Hata hivyo, hakukuta namba kwenye migongo yao, na jambo hilo lilimtia shaka. Aliamuru kwamba mpaka cheo chao kitakapojulikana waachwe waendelee na shughuli. Ila, aliongeza kwa kuwa alikuwa na moyo, kama Idara ya Majina ya Wadudu ingetoa jina jingine lililo halali, lisilokuwa na neno jeshi ndani yake, basi yeye angekuwa hana madai tena na wangeweza kuuawa kama wadudu wa kawaida.

"Jina tu?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Jina tu, mama. Serikali si katili."

*

Bi Sikudhani alichukua chupa ya jamu, akatia viwavi kadhaa na majani ya mahindi wapate kula njiani, akatoboa kifuniko kwa msumari, akapanda basi kwenda mji mkuu. Alifika ofisini kwa Pazi Lukindo akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka walinzi walipoanza kumsalimia kwa jina.

Hatimaye aliingia. Pazi alikuwa nyuma ya meza iliyokuwa na bendera ndogo na kipepeo wa plastiki.

"Shikamoo mama. Tatizo?"

Alimwekea chupa mezani. Pazi alisukuma kiti nyuma.

"Funika! Wanaruka?"

"Hawajaanza, baba. Sasa hivi wanakula tu. Nakuomba uwape jina, mie niondoke. Basi la kurudi linaondoka mchana."

Pazi alicheka kama anavyocheka mtu mkubwa akiulizwa na mtoto jua linalala wapi.

"Mama, jina la kisayansi halitolewi kama andazi. Kuna utaratibu. Kwanza nijue ni ufalme gani, faila gani, ngeli gani, oda gani, familia gani..."

"Familia yao ni kubwa, baba. Ndiyo iliyonileta."

"Usinikatize. Kisha jenasi, kisha spishi. Halafu achaguliwe mmoja aliye mzuri, achomwe pini, awekwe katika sanduku awe kielelezo. Wote wengine watapimwa kwa huyo. Kisha Kamati ikae."

"Wakati Kamati imekaa, wao watakuwa wamesimama?"

"Mama, sayansi haina haraka."

"Wadudu wanayo," alisema Bi Sikudhani, akaichukua chupa yake akaenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wa Kamati.

*

Kamati ilikaa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mahuvi mwenyewe, kwa sababu mkwewe Pazi alikuwa na jambo la kumfurahisha. Alikuwepo pia Mwanasheria wa Serikali, Bwana Habeshi Kondo, mtu mwembamba aliyezungumza kwa kufumba macho, pamoja na wajumbe wengine ambao majina yao sikuyapata kwa kuwa waliamka mara chache.

Kwanza Pazi alisoma kwamba kiwavi huyu ni wa Ufalme wa Wanyama. Mwanasheria alifumbua macho. Ufalme? Nchi hii si ilishakuwa jamhuri? Wafalme walifukuzwa, na Mtukufu aliingia madarakani kwa kura zote, na nyingine za akiba. Ikaamuliwa kuwa tangu siku hiyo wanyama wote, wa porini na wa nyumbani, wako katika Jamhuri ya Wanyama, na kwamba hawahitaji uchaguzi kwa kuwa hali yao ni shwari.

Pazi akaja kwenye oda. Mjumbe mmoja aliyekuwa amelala aliinua kichwa akasema, "Kuku na ndizi." Wengine nao wakasema zao. Kikao kikaahirishwa mpaka wamalize kula.

Walipokunywa maji, Mwanasheria wa Serikali aliuliza swali zito. Je, kiwavi ni kitu au ni nani?

"Nawaomba wajumbe mtazame sarufi," alisema, macho kayafumba. "Kijiko kinaanguka. Kisu kinakata. Lakini hatusemi kiwavi kinakula. Tunasema kiwavi anakula. Viwavi wanakula. Lugha yenyewe imemweka ngeli moja na mjumbe, na waziri, na mkurugenzi. Kumnyunyizia dawa mtu ambaye lugha imemweka pamoja na waziri ni jambo la kufikiri mara mbili."

Wajumbe walifikiri mara mbili. Baadhi yao walijitazama mikono.

Mjumbe pekee aliyekuwa amewahi kufungua kitabu alinyoosha kidole akasema kwamba katika vitabu vya ng'ambo mdudu huyu anajulikana na ana jina tayari, tangu zamani, na kwamba ulimwenguni kote jina la kwanza ndilo linalodumu.

"Nani kampa jina?" alifoka Mheshimiwa Mahuvi.

"Mzungu mmoja, Mheshimiwa."

"Aliomba kibali kwetu?"

"Sijui, Mheshimiwa. Alikwisha kufa."

"Ana bahati," alisema Waziri. Mjumbe yule akateuliwa siku hiyo hiyo kuwa balozi mahali penye baridi.

Ndipo Pazi akatoa kile alichokificha. Kilatini, kwa jinsi alivyokielewa, ni Kiswahili kilichoongezwa "us" mwishoni. Alisimama, akakohoa, akafunua karatasi kubwa iliyochapishwa kwa rangi mbili, na wote wakasoma jina la kisayansi ambalo lingempandisha daraja na kulitunza jina lake mpaka mwisho wa dunia:

*Viwavus mtukufus* Lukindo

"Kwa heshima ya Mtukufu Mlezi wa Taifa," alisema.

Makofi yalianza. Kisha yakapungua. Kisha Mheshimiwa Mahuvi akavaa miwani.

"Mbona Mtukufu ana herufi ndogo?"

"Ndiyo kanuni, baba. Jina la kwanza herufi kubwa, la pili ndogo. Dunia nzima."

"Kwa hiyo Mtukufu ni wa pili. Na ni mdogo."

"Kisayansi, baba."

"Na mbona ameinama?"

"Hizo ni herufi za mlazo, baba. Majina yote mawili hulazwa."

"Mtukufu amelazwa?"

"Amelazwa, ndiyo, lakini ni kwa..."

"Na hili hapa mwishoni, lenye herufi kubwa, lililosimama wima kama nguzo ya umeme, ni jina la nani?"

Pazi alianza kuikunja karatasi. Mwanasheria wa Serikali alifumbua macho yote mawili. "Na kama nimeelewa," alisema polepole, "mmoja atachomwa pini na kuwekwa ndani ya sanduku, na juu ya sanduku litaandikwa jina la Mtukufu?"

Kwa bahati mbaya, mama wa chai alikuwa akitoka na sinia, na katika yote hayo alichukua maneno mawili tu, "Mtukufu amelazwa." Aliyapeleka jikoni. Jikoni wakayapeleka uani, kwa madereva, na madereva ndio magazeti ya nchi ile. Kabla kikao hakijafungwa, balozi wa nchi rafiki alikuwa amekwisha kutuma maua, majenerali wawili walikuwa wamekwisha kupimwa suti, na Mtukufu, ambaye alikuwa mzima wa afya akicheza bao, aliona watu wakiingia kwake kwa kunyata huku wakimtazama miguu. Ilibidi atembezwe mji mzima juu ya gari la wazi, ameshika chuma cha mazoezi.

Pazi hakufungwa. Mkwewe angelazimika kueleza ni nani aliyempa kazi. Karatasi ya rangi mbili ikachomwa moto, na Waziri akatoa maelekezo mapya: jina lisitaje jeshi, lisitaje mtu mkubwa, lisitaje njaa, lisiwe la kigeni na lisiwe la kienyeji. Likipatikana lenye sifa hizo, Kamati ingekaa tena katika mwaka mwingine wa serikali.

*

Pazi alipotoka, Bi Sikudhani alikuwa bado kwenye benchi, pale mlangoni ambapo sauti ya Waziri ilisikika vizuri. Majani katika chupa yalikuwa yamekwisha na viwavi walikuwa wakizunguka kioo wakitafuta mlango.

"Vipi, baba? Limepatikana?"

"Rudi nyumbani, mama. Mwaka ujao."

"Mwaka ujao nitakuwa nimekula nini?"

Pazi alikuwa na siku mbaya. Alikuwa ameumbuka kwa jambo ambalo lilipaswa kumpandisha. Katika hali hiyo mtu mwenye busara hunyamaza, lakini nimeshatoa orodha ya vitu alivyokosa, na sikuimaliza.

"Hayo si ya Idara hii. Idara hii inashughulika na majina. Ninyi watu wa mashambani mnadhani kila anayefika na chupa anahudumiwa! Unajua unazungumza na nani?"

"Sijui, baba. Hukuniambia jina lako."

"Lukindo! Pazi Lukindo, Mkurugenzi Mkuu."

Bi Sikudhani alilirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi katika mchuzi.

"Lukindo."

"Lukindo."

"Jina zuri. Halina neno jeshi ndani yake, eti?"

"Halina! Kwa nini liwe nalo?"

"Basi tu, baba. Nauliza. Na wewe si mtu mkubwa sana?"

Swali hilo lilimuuma Pazi mahali palipokuwa bado pabichi. "Si mkubwa inavyostahili," alisema, akaenda zake.

Bi Sikudhani aliwahi basi la jioni.

*

Alikuta mashamba ya juu ya bonde yamekwisha. Palikuwa na vijiti tu, kama ufagio uliosimamishwa kichwa chini. La kwake, lililo upande wa chini, lilikuwa limeliwa kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ghalani.

"Kasimba, nina lukindo shambani."

"Una nini, shangazi?"

"Lukindo. Weusi, wana mistari, wanakula mchana na usiku na hawafanyi kazi yoyote. Nimetoka mji mkuu, Idara ya Majina. Nimewaonyesha chupa, na jina hilo nimepewa na Mkurugenzi mwenyewe, kwa mdomo wake, na alinitajia mara tatu."

Kila neno lilikuwa kweli, na Kasimba hakutaka kuuliza lililo katikati ya maneno. Alikuwa amekaa na ghala lililojaa akisikiliza bonde likitafunwa, na nadhani nafsi yake ilikuwa imechoka. Alichukua kalamu. Katika daftari la dawa, mahali palipoandikwa "mdudu", akaandika "lukindo". Akasoma, akasoma tena, akatafuta neno jeshi, hakuliona.

"Lukindo hawa nawaua kwa mkono wangu," alisema, akafungua kufuli.

Watu walifika na mabomba ya mgongoni, wengine na ndoo na mifagio. Mstari wa viwavi ulikuwa umefika nusu ya shamba la Bi Sikudhani, na hapo ndipo walipokutana nao. Palikuwa na kelele kubwa.

"Lukindo huyo, anapanda!"

"Mpige tumboni, huyo kashiba!"

"Mama Chiku, una lukindo kichogoni!"

"Mtoe jamani, msiniache naye, nina mume mmoja mimi!"

Kanali Ngwembe alisikia kelele akaja na gari. Watu walishusha mabomba, maji ya dawa yakidondoka.

"Mnaua nini hapa?"

"Lukindo, afande," alisema Bi Sikudhani.

Kanali alitoa orodha ya vitu vya Jeshi, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. Palikuwa na vifaru, palikuwa na magodoro, palikuwa na maharage. Lukindo hakuwemo.

"Si wetu," alisema kwa masikitiko kidogo. "Endeleeni."

*

Redio ya taifa haikuwa imepata habari njema kutoka mashambani kwa muda mrefu, kwa hiyo hii iliipokea kwa mikono miwili. Pazi Lukindo alikuwa mezani kwake nyumbani, mbele ya sahani ya wali na samaki, mtangazaji alipoanza.

"Wananchi wa Bonde la Mkalala wanaendelea kuwaua lukindo kwa wingi. Lukindo ni mlafi, hana faida yoyote inayojulikana, na akishaingia mahali ni vigumu kumtoa. Wananchi wanaombwa wakimwona lukindo popote wasimwonee huruma."

Kijiko kilisimama njiani. Mkewe, Zawena, aliweka bakuli chini ili acheke vizuri.

"Wamekujua, mume wangu," alisema. "Mimi nilidhani ni siri yetu ya nyumbani."

Simu ikalia. Ilikuwa Mheshimiwa Mahuvi. "Mume wa binti yangu anauawa mkoa mzima," alinguruma, "na mimi Waziri nasikia redioni!"

Pazi alimkimbilia Mwanasheria wa Serikali akitaka bonde lote lishtakiwe. Bwana Kondo alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho.

"Tunaweza," alisema. "Ila kwanza utoe kiapo mahakamani kwamba huyo mlafi asiye na faida, ambaye akishaingia mahali ni vigumu kumtoa, ni wewe. Usipokiri ni wewe, basi hawajakutaja. Ukikiri, hawajakusingizia."

"Hakuna njia ya tatu?"

"Idara yako inaweza kutoa hati kwamba wewe si mdudu. Ila hati hiyo husainiwa na Mkurugenzi Mkuu, na mtu hawezi kujisainia jambo lake mwenyewe. Itabidi Kamati ikae."

Pazi aliwakumbuka wajumbe wa Kamati mmoja mmoja, akakumbuka namna walivyomtazama siku ile ya karatasi ya rangi mbili. Hakutaka swali hilo lipigiwe kura.

Akafanya lililobaki. Aliandika amri, akaipeleka Bonde la Mkalala kwa tarishi mwenye pikipiki: kuanzia sasa ni marufuku kwa mtu yeyote kumwita kiwavi yeyote Lukindo, na atakayekaidi atachukuliwa hatua kali. Jina la kutumia badala yake hakulitaja, kwa kuwa hakuwa nalo.

*

Tarishi alipita vijiji vingi akipoteza njia na kuipata tena, na alipofika alimkuta Bi Sikudhani akipalilia. Amri ilisomwa mbele ya watu. Walisikiliza kwa heshima. Walipoombwa majibu, Bi Sikudhani aliingia ndani, akakaa kwenye mkeka, akaandika kwa mkono wake, kwa herufi zilizosimama zote:

"Kwa Mkurugenzi Mkuu. Salamu nyingi. Sisi tuliobaki na chakula hatujambo, na wasiobakiwa nacho watakula kwetu, ingawa hakitatosha vizuri.

"Amri yako tumeitii siku ile ile. Haikuwa ngumu, kwa sababu kiwavi hayupo tena hata mmoja. Wale tuliowawahi walikufa. Lakini ile dawa ilichelewa, kama unavyojua, na wengi walikuwa wameshashiba katika mashamba ya juu wakaingia ardhini kulala. Tulidhani wamekufa huko. Hawakufa. Sasa wametoka, na wana mabawa. Ni nondo, baba, wa rangi ya majivu, na wakiinuka pamoja taa ya mkononi haionekani.

"Nondo hawa hawali mahindi yetu. Wanatafuta mahali penye majani mabichi wakatage. Huku yamebaki machache tu. Watu wazima wanasema wanaruka na upepo, na upepo wa siku hizi unaelekea huko kwenu, ambako nimeona kwa macho yangu mna bustani nzuri zinazomwagiwa maji hata kiangazi. Watataga, na watakaoanguliwa watakuwa na njaa. Nakuandikia mapema ili Kamati ianze kukaa.

"Ni mimi, Sikudhani wa Mkalala."

Gundi hakuwa nayo. Alichovya kidole katika uji uliobaki kwenye kibuyu, akapaka ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Tarishi alikuwa ameharibikiwa na pikipiki, kwa hiyo bahasha ilipelekwa posta. Karani aliigonga muhuri, akaitupa katika mfuko wa mji mkuu, akaufunga mfuko kwa kamba.

Gari la barua lingeondoka kesho. Nondo walikuwa wameondoka jana.